Kitambaa cha Vibonyezo Themanini na Vinane

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Sisi huku wazima, isipokuwa goti la Baba, ambalo limeanza kutabiri mvua na kila siku linakosea. Mama anakusalimu, anasema ile sufuria uliyoisahau Desemba ipo na haijaguswa. (Imeguswa. Tumepikia harusi mbili.) Mimi bado niko kwa dobi. Bosi, ambaye mtaa mzima unamwita Mvuke, amenipandisha cheo: zamani nilipiga pasi mashati, sasa napiga suti.

Nina neno. Chuo cha muziki kimetangaza nafasi ya piano kwa mwaka huu. Nafasi moja, Shangazi. Wanataka vipande vitatu: fyugi ya sauti tatu zinazoingia moja moja zikifukuzana, sonata, na kipande cha hiari. Usaili ni tarehe tatu Agosti. Mwisho wa umri ni miaka ishirini na mitano, na wewe unajua Oktoba natimiza ishirini na sita. Kwa hiyo ni mwaka huu, la sivyo nitazeeka nikinyoosha kola za watu.

Tatizo ni piano yenyewe. Ile ya ukumbi wa shule niliyojifunzia haipo. Ukumbi umegeuzwa ghala la saruji, na nikiuliza piano imekwenda wapi kila mtu anamtazama mwenzake. Katika ukoo wetu mwenye piano ni wewe peke yako. Naomba nije nikae kwako miezi miwili. Nitapika, nitafua, nitapiga pasi hata mapazia yako. Sijawahi kufika huko kwa sababu kila mwaka wewe ndiye unayekuja, lakini nitauliza njia.

Mwanao

N.B. Nunua simu, Shangazi. Barua hizi zinachukua wiki mbili.


21 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa kaka yangu, ambaye hasalimii watu mpaka asukumwe. Mwambie goti si redio. Sufuria nimesikia, na harusi nimezisikia pia. Mama yako hawezi kunificha kitu.

Mimi mzima. Nimegombana na fundi viatu wa chumba cha jirani. Amekwenda kwa mwenye nyumba kushitaki kwamba kila asubuhi "nagonga". Nagonga! Mtu anayeamka na nyundo mkononi ananishitaki mimi kwa kugonga. Nimemwandikia kurasa nne nikazipitisha chini ya mlango wake. Amejibu kwa kunibadilishia soli za viatu bila kuombwa, jambo ambalo nalihesabu kuwa uchokozi.

Simu sinunui. Simu ni ya watu wasioweza kumaliza sentensi.

Sasa chuo. Hicho chuo nimekishambulia magazetini kwa miaka ishirini na sita, na jibu pekee nililowahi kupata ni la mhariri, aliyeniomba nipunguze alama za mshangao! Ni chuo kitakachokubali kumfundisha samaki kuogelea kwa sharti kwamba afike amekauka. Wamejaa vyeti ukutani na vumbi masikioni. Lakini utakwenda. Utakwenda na utaingia, na siku utakayoingia nitanunua gazeti zima.

Kuja kwangu, hapana. Kuna ukarabati.

Badala yake, kifurushi hiki. Usikifungue kwa kisu. Ndani kuna kitambaa cha pamba chenye urefu wa mita moja na sentimita ishirini na mbili na nusu. Nimekilaza juu ya piano yangu na kuchora vibonyezo vyote, kimoja kimoja, kwa rula: vyeupe hamsini na viwili, vyeusi thelathini na sita. Nimekesha siku nne. Wino ni ule wa kuandikia magunia. Haufutiki hata kwa maombi. Oktava moja, kutoka do mpaka do inayofuata, ni sentimita kumi na sita na nusu. Tandaza mezani, piga. Nota za vipande vyote zimo ndani, na nimeandika juu ya kila nota kidole cha kutumia. Ukibadilisha kidole nitajua.

Usiniulize sauti itatoka wapi. Sauti ni jambo la mwisho kabisa katika muziki; wanaoanza na sauti huishia kwenye matangazo ya sabuni.

Shangazi yako


17 Machi

Shangazi,

Shikamoo sana. Kitambaa kimefika, hakuna hata mkunjo. Mama alitaka kukitandika kwenye kabati la vyombo, tukapigana kidogo, nikashinda.

Nakitandaza kwenye meza ndefu ya kupigia pasi, saa saba mchana dukani wanapokwenda kula. Mwendo naupata kwenye mashine ya kufulia namba mbili, ambayo ina mguu mfupi na hugonga sakafu taratibu inapokamua, dum, dum, dum, sawasawa kabisa na fyugi yetu. Kwa sonata inabidi nisubiri mablanketi.

Mwanzoni Bosi alisimama nyuma yangu amefunga mikono. Siku ya tatu akasema, "Hapo ulipofika umekimbia." Nikamwambia, "Bosi, hakuna sauti." Akasema, "Nimepiga pasi miaka thelathini, sijui mkono unaokimbia?" Na kweli, Shangazi, nilikuwa nimekimbia.

Siku hizi hataki wateja waongee. Amebandika karatasi mlangoni: TAFADHALI NYAMAZENI, PIANO INAPIGWA. Juzi mama mmoja mwenye mapazia akasoma, akachungulia, akauliza:

"Inapigwa wapi?"

"Hapo mbele yako."

"Mbona mimi sisikii?"

"Utasikiaje, mama, na wewe hujafunga mdomo tangu uingie?"

Yule mama akaketi kwenye kapu la nguo. Aliketi mpaka mwisho, akafuta macho, akaondoka na mapazia ya mtu mwingine. Sasa wanakuja watu wanne watano kila mchana. Mwalimu wa hesabu mstaafu, ambaye ukuta wake ni huu huu wetu, ameleta malalamiko ya maandishi kwamba sonata inamzuia kulala. Bosi ameniomba nipige polepole upande wake.

Ili unisahihishe nimebuni njia. Napaka vidole chaki ya fundi cherehani, naweka juu ya kitambaa ile karatasi ya kaki ya kufungia nguo, napiga ukurasa mmoja. Alama zinabaki. Nakutumia kurasa tatu za kwanza za fyugi.

Ukarabati umeisha? Nimemwuliza Baba kwa nini hatujawahi kuja kwako kuiona piano. Alitoka nje akaangalia kama mlango umefungwa, wakati ameufungua yeye mwenyewe.

Mwanao


5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimezisikiliza karatasi zako usiku na mchana. Ni kazi nzuri. Usivimbe kichwa.

Ukurasa wa kwanza, sauti ya pili inaingia kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa. Hajachelewa! Aingie kama mwenye nyumba. Ukurasa wa pili, kidole chako cha nne cha kushoto kimegusa nota ya jirani. Nimeiona chaki. Ukurasa wa tatu sina neno, nimeubandika ukutani.

Bosi wako ni msikilizaji wa kweli, mwambie nimesema. Katika nchi ambayo kila mwenye kipaza sauti anajiona msanii, dobi anayewanyamazisha watu ili wasikie kitambaa anastahili uwaziri. Huyo mwalimu wa hesabu mpuuze. Au la, usimpuuze: ni mtu wa kwanza kusumbuliwa na muziki wako, na msanii asiyemsumbua mtu ni pambo.

Fundi viatu ameanza kuniita "mama wa kokoko". Nimemwandikia kurasa sita.

Ukarabati unaendelea. Umefika kwenye dari.

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Goti la Baba limepona siku liliposahauliwa. Mama mzima.

Barua ya chuo imekuja. Nimeitwa kwenye usaili! Bosi alifunga duka saa nzima, akawapa wasikilizaji wote soda. Lakini soma sharti la saba, nakunukulia lilivyo: "Kila mtahiniwa aje na ala yake mwenyewe, ikiwa safi na katika hali nzuri. Ala za chuo ni kwa wanafunzi waliokubaliwa tu."

Nimesoma mara kumi. Hawajasema "isipokuwa piano". Nimekwenda mwenyewe kwenye ofisi yao ya hapa mjini. Karani akanitazama juu ya miwani, akauliza:

"Piano ni ala, si ala?"

"Ni ala, kaka, lakini..."

"Basi sharti limeeleweka."

Nifanye nini, Shangazi? Niombe lori? Hiyo yako inaweza kusafirishwa?

Upande wa usafi usiwe na wasiwasi. Bosi amelishughulikia.

Mwanao


14 Mei

Usiende na piano. Fanya lolote utakalofanya, lakini usiende na piano.


20 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Hukuandika salamu, hukuandika jina, na mwezi mzima umepita. Mama anasema labda wino uliisha. Baba alishika ile karatasi yako kwa muda mrefu, akaikunja mara nne, akaniuliza kama mvua ilikuwa inanyesha kwenu tarehe hiyo. Mimi najuaje?

Kama nimekukosea kuulizia lori, nisamehe. Tuko wazima. Mazoezi yanaendelea, wasikilizaji wamefika kumi na moja, na mama wa mapazia sasa anakuja na kiti chake. Nimeamua nitakwenda na kitambaa. Kama piano ni ala, basi na hiki ni ala. Sharti halikusema itoe sauti.

Nakutumia sonata yote, kurasa kumi na nne.

Mwanao


2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Wino upo. Kuna mambo mtu huyameza na yanachukua mwezi kushuka, tuliache hapo.

Kuna jambo zito zaidi. Nimesikiliza sonata. Vidole ni sahihi, roho ipo, hata pale pa katikati ambapo wengi hulia ovyo wewe umejizuia. Lakini nimeshika rula. Aprili oktava zako zilikuwa sentimita kumi na sita na nusu. Sasa ni kumi na tano! Nimepima mara ishirini. Nimemwita fundi viatu, adui yangu, maana ana futi ya chuma, akapima akasema, "Kumi na tano, mama wa kokoko. Mkono umepungua."

Mwanangu, unakula? Niambie ukweli. Mikono ya mtu haipungui sentimita moja na nusu kwa miezi mitatu bila sababu. Ni mvuke? Ni sabuni za huko? Nimesoma vitabu vyote vya tiba nilivyonavyo na hakuna ugonjwa wa namna hiyo, jambo ambalo ni kosa la madaktari, si lako. Kunywa maziwa. Lala na glavu. Mwambie huyo Mvuke kwamba nikifika hapo tutazungumza kuhusu haki za wafanyakazi wenye mikono. Fundi viatu anasema ngozi iliyopungua hurudishwa kwa mafuta na kalibu; nimemwambia hatuzungumzii kiatu, lakini nimeandika alivyosema, endapo.

Shangazi yako mwenye hofu


15 Julai

Shangazi,

Shikamoo, na kaa chini kwanza.

Nakula. Mikono yangu ni ile ile. Kilichopungua ni piano.

Nilikuficha, nikidhani si kitu. Barua ya chuo ilisema ala iwe "safi". Bosi aliposoma neno hilo alivimba. Aliniambia, "Watu wote watafika na vitu vya kupangusa kwa leso. Sisi tutafika na usafi." Jioni nilipoondoka akakichukua kitambaa, akakichemsha, akakitia wanga, akakipiga pasi ya mvuke. Asubuhi nilikikuta kinang'aa kama shuka la hospitali. Wino haukutoka hata chembe, kama ulivyosema. Lakini pamba, Shangazi! Pamba uliyonitumia ilikuwa haijawahi kuoshwa. Kitambaa kimenywea. Kina mita moja na sentimita kumi na moja, na mimi sikupima. Vidole vyangu vilipotea siku mbili, vikazoea, nikasahau. Nimepiga piano iliyonywea miezi miwili na nusu.

Barua yako ilipofika nilimsomea Bosi. Alivua aproni. Miaka thelathini hajawahi kumharibia mteja hata soksi. Tulikilowanisha, tukakivuta, yeye upande huu, mwalimu wa hesabu upande ule (ndiyo, siku hizi anakuja, amechoka kusikilizia ukutani). Kikiwa kimelowa kilifika mita moja na ishirini na mbili. Kilipokauka kikarudi pale pale, kama mlevi aliyeapa kuacha.

Nimebakiwa na siku kumi na tisa. Nikikuta piano ya kweli mbele yangu, kila mruko wangu utaangukia nota ya jirani. Shangazi, sikuombi tena kwa upole. Nipokee wiki mbili. Nitalala chini ya dari lako linalokarabatiwa, vumbi liniangukie, ilimradi niguse vibonyezo vya kweli. Nimeomba Februari, nimeomba Machi. Nimemwuliza Baba tena jana. Amesema, "Muulize mwenye mkokoteni." Mkokoteni gani?

Mwanao


26 Julai

Mwanangu,

Barua yako imefika leo. Jibu hili nampa dereva wa basi, si posta, lakini hata ukipanda gari siku litakapokufikia utafika kwangu siku ya usaili. Kwa hiyo ni salama kukwambia ukweli, na uone jinsi mtu mwenye maneno mengi anavyoweza kuwa mwoga.

Hakuna ukarabati. Dari liko sawa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Piano niliachiwa na mwalimu wangu alipohama. Chuo kiliniita kwenye usaili, na sharti la saba lilikuwa hilo hilo, neno kwa neno. Mtu mwenye akili angecheka. Mimi nilitii. Nilimwomba kaka yangu, baba yako, tukaazima mkokoteni wa kubebea mbao, tukaipakia piano, tukaondoka alfajiri. Yeye alisukuma, mimi nilivuta. Kilomita tisa. Kwenye kilomita ya saba mvua ikaja, si mvua ya goti, mvua yenyewe. Tuliifunika kwa koti lake na gauni langu la usaili. Gurudumu likaingia shimoni na piano ikalala kwa mgongo kwenye maji, na baba yako akakaa juu ya ukingo wa barabara akalia. Sijawahi kumwambia mtu. Tuliiinua. Tulifika. Niliketi mbele ya jopo nikiwa nachuruzika, nikapiga fyugi yote bila kosa, na hakuna kilichotoka ila kokoko ya mbao iliyolowa. Waliandika neno moja kwenye fomu: "Haisikiki."

Tukairudisha, na nilipohamia huku nikaja nayo. Nyuzi zikashika kutu, mchwa wakamalizia. Nimeipiga kila asubuhi miaka ishirini na sita, mwanangu, na haijatoa sauti hata siku moja. Fundi viatu ana haki. Nagonga. Ungekuja kwangu ungekuta sanduku la mchwa, ungerudi nyumbani ukijua kwamba shangazi anayekufundisha sauti ya pili iingie vipi hajaisikia tangu hujazaliwa.

Nilikupa kitambaa kwa sababu hakilowi kikaharibika. Sikufikiria dobi.

Sikiliza sasa. Nenda nacho hivyo hivyo kilivyo. Usikivute tena, usikipime, usiombe radhi. Wao ndio waliotaka ala safi. Na ukifika kwa sauti ya pili, iingie kama mwenye nyumba.

Shangazi yako


6 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi mzima sijaandika, najua, na najua umekaa kwenye dirisha la posta ukimtukana karani. Nilitaka kuandika nikiwa na jambo zima, si nusu.

Nilimpelekea Baba barua yako. Aliisoma amesimama. Kisha akasema, "Nililia kidogo tu," akaenda kulala saa kumi na moja jioni. Siku ya usaili alinisindikiza kwa miguu mpaka chuoni, amenibebea kitambaa kwenye henga ya nguo, ndani ya mfuko wa nailoni, akikwepa kila shimo.

Ukumbini tulikuwa wanne wa piano. Mmoja alileta picha ya piano yao. Wakaikataa kwa kuwa haikuwa na muhuri. Wa pili alileta barua ya mjomba wake ikithibitisha kwamba piano ipo. Wa tatu alikuja na lori, na lori halikupita getini. Jopo lilikuwa la watu watatu: mwenyekiti, ambaye ni mama mwenye mihuri miwili; katibu, ambaye ni kijana wa tai; na mzee mmoja mwenye kifaa cha kusikia sikioni. Nyuma yao, Shangazi, ilisimama piano kubwa nyeusi. Walikuwa wameipangia mafaili.

"Ala yako?" akauliza mwenyekiti.

Nikaitandaza mezani.

"Ni safi?"

Katibu akapitisha kidole. "Ni safi, Mheshimiwa. Imetiwa wanga."

"Hali yake?"

"Imenywea kidogo," nikasema. Sikuomba radhi.

Akapiga muhuri. Yule mzee akaongeza sauti ya kifaa chake, akafumba macho. Nikapiga. Fyugi, sonata, cha hiari. Sauti ya pili niliiingiza kama mwenye nyumba, na mashine namba mbili ilikuwa inagonga kichwani mwangu, dum, dum, mpaka mwisho. Nikainua mikono.

"Ukurasa wa pili wa fyugi," akasema mzee, macho bado yamefumba, "mkono wa kushoto, umegusa nota ya jirani."

Ni kweli, Shangazi. Kidole cha nne.

"Mimi sikusikia kitu," akasema katibu.

"Ndiyo maana wewe ni katibu."

"Mwisho amepiga kwa nguvu mno," akasema mwenyekiti. "Huu ni ukumbi, si uwanja."

"Pale panataka nguvu!"

"Kila mwaka wewe unasema panataka nguvu."

Walibishana nusu saa. Kwenye fomu kuna sehemu ya "sauti", wakaandika "haihusiki". Kisha mzee akafumbua macho, akauliza nani amenifundisha. Nikasema shangazi yangu, kwa barua. Akauliza kama huyo shangazi aliwahi kuwa na mkokoteni.

Sharti la saba aliliandika yeye. Aliliandika kwa ajili ya filimbi, kwa sababu watahiniwa walikuwa wanaazimana filimbi moja bila kuipangusa. Piano hakuifikiria. Siku ulipoingia unachuruzika aliliona kosa lake, akaona haya, akaandika "haisikiki" ili jambo liishe. Nikamwuliza, kwa nini hukulibadilisha miaka yote hii? Akasema alisubiri mtu alalamike.

"Shangazi amelalamika magazetini miaka ishirini na sita!"

"Nimeyasoma yote," akasema. "Ninayo kabatini. Lakini malalamiko huletwa kwa fomu."

Nimepata nafasi, Shangazi. Ni mimi. Bosi amebandika karatasi mpya mlangoni: PIANO IMESAFIRI. Mama wa mapazia amegoma kufua.

Jumatatu ilikuwa siku ya kwanza. Kwa kuwa sasa ni mwanafunzi niliyekubaliwa, niliruhusiwa. Nilitoa mafaili, nikafunua, nikaanza fyugi. Ilikuwa vibaya sana. Kila oktava iliangukia nota ya jirani, mkono wa kushoto ulipotea kama mgeni sokoni, na ilipiga kelele, Shangazi, kelele, mpaka mfagiaji akachungulia. Nilikuwa nimesahau kwamba inajibu. Mzee anasema mikono itanyooka ifikapo Desemba. Niliipiga vibaya hivyo hivyo mpaka mwisho, nikacheka peke yangu kama kichaa, halafu nikakuwaza wewe na kokoko yako.

Kila mwanafunzi anaruhusiwa mgeni mmoja Jumamosi, chumba cha mazoezi namba tano. Mgeni haulizwi umri wala fomu. Baba amesema atakungoja kituoni, na mvua ikinyesha atakuja na mwavuli. Najua kwetu mtu haendi kwa watu bila kitu. Lakini safari hii nakuomba, usibebe chochote.

Njoo mikono mitupu.

Mwanao


19 Septemba

Mwanangu,

Nakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Fundi viatu ameapa kunisindikiza mpaka kituoni ili ahakikishe nimeondoka. Kumbe amenitengenezea viatu vya safari.

Mikono itakuwa mitupu. Mdomo siuahidi.

Shangazi yako